Muhula wa Mwandishi

Kati ya maombi ambayo mtu humpelekea mwenziwe kwa barua, moja huonekana dogo kupita yote, nalo ni lile la mwandishi kumwomba mhariri wa jarida amwongezee siku za kuurekebisha mswada wake. Ombi hili halitaki fedha, halimwondoi mtu katika cheo chake, wala halivunji sheria ya nchi. Aghalabu huandikwa kwa mistari mitano na kujibiwa kwa mistari mitatu. Walakini ndani yake mna swali ambalo mwanafunzi wa maadili hana budi kulipima. Je, mtu anayeichelewesha kazi yake ili iwe bora hutenda wema au hutenda dhuluma? Na ikiwa hutenda wema leo na dhuluma kesho, ni alama gani inayotenga tendo moja na jingine?

Mithali za Waswahili hazitoi hukumu moja katika shauri hili. Haraka haraka haina baraka, husema ya kwanza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, hujibu ya pili. Asemaye kawia ufike hukutana njiani na asemaye chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mtu mvivu wa kufikiri huchagua ile inayomfaa siku hiyo, akaiacha nyingine mpaka siku yake ifike. Lakini kwa hakika mithali hizi hazigombani. Kila moja ilizaliwa na jambo lake, na kazi ya akili ni kutambua kama jambo lililopo ni la mithali hii au ile.

La kwanza la kuuliza ni kwamba muda unaoombwa ni mali ya nani. Mwandishi huandika kana kwamba muda ni wa mhariri, na mhariri hujibu kana kwamba ni wake kweli. Wote wawili hukosea. Zamani, katika bandari za Tanga, Pangani na Bagamoyo, safari za mbali za vyombo vya matanga zilifuata pepo mbili, kaskazi na kusi. Jahazi la kwenda Arabuni lilingoja kusi, na lililokosa majira yake lilikaa pwani mpaka majira mengine. Nahodha alikuwa na amri juu ya chombo, lakini hakuwa na amri juu ya upepo. Shehena aliyoichukua ilikuwa ya watu wengi: huyu ametia nazi, yule nafaka, na wa tatu boriti. Mwenye mzigo mmoja alipomsihi nahodha angoje, alikuwa akiomba muda wa wenye mizigo yote.

Mhariri naye ni nahodha wa namna hiyo. Toleo la jarida lina majira yake, na ndani yake mna kazi za watu kadha wa kadha. Yuko kijana ambaye makala yake ya kwanza inangojea kutoka pamoja na ile inayoombewa muhula. Yuko mwalimu anayetaka kuwasomesha wanafunzi wake toleo hilo kabla muhula wa masomo haujafungwa. Wako wapiga chapa ambao wamekwisha kupanga kazi yao. Nyuma ya hao wote yuko msomaji, ambaye haandiki barua wala haulizwi rai yake, na ndiye hasa mwenye mali. Kwa hiyo mwandishi anayeomba siku thelathini huomba kutoka kwa watu asiowaona. Jambo hilo halimkatazi kuomba, ila linamlazimu kuwa na sababu ambayo angethubutu kuitamka mbele ya hao wote.

Ahadi ni deni. Hili hakuna anayelikana. Mwandishi aliyekubali kuleta mswada siku fulani amekopa, na muhula wake ni muhula wa mdeni. Katika elimu ya fikihi, ambayo imesomwa kwa vizazi vingi katika misikiti na vyuo vya Mrima, mafundisho juu ya muhula wa mdeni yana pande mbili. Upande mmoja, mdai ameamriwa ampe nafasi mdeni mwenye dhiki mpaka apate wepesi. Upande wa pili, mdeni mwenye uwezo wa kulipa ambaye huahirisha tu huhesabiwa kuwa amedhulumu. Hivyo siku zile zile thelathini ni haki kwa mmoja na dhuluma kwa mwingine. Kinachotofautisha ni hali ya mfuko wa anayeomba, wala hesabu ya siku haihusiki.

Kipimo hiki kinaweza kutumiwa katika mswada, maana mswada nao huwa na dhiki au uwezo. Mswada wenye dhiki ni ule ambao ukitolewa kama ulivyo utamlipa msomaji sarafu mbovu. Mswada wenye uwezo ni ule ulio tayari kulipa, ila mwenyewe hapendi kuuachilia.

Dhiki iliyo kubwa kupita zote ni uwongo, hata ule usiokusudiwa. Ichukuliwe kwamba mtu ameandika habari za vita vya mwaka 1888, wakati watu wa Pangani na miji mingine ya Mrima walipoinuka dhidi ya kampuni ya Wadachi, vita ambavyo Abushiri bin Salim alivishika uongozi mpaka akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba, mwaka 1889. Ichukuliwe tena kwamba katika mswada wake ametaja ukoo mmoja kuwa ndio uliomsaliti mtu fulani kwa adui, na neno hilo amelipata katika masimulizi ya mtu mmoja tu. Mswada umekwisha kupelekwa. Ndipo anapopata habari kwamba yuko mzee mwenye masimulizi mengine. Mtu huyu akinyamaza ili asimkere mhariri, adabu yake itakuwa imenunuliwa kwa heshima ya watu wengine. Wajukuu wa ukoo ule wangali wakiishi, na karatasi ikikwisha kutoka itawafuata shuleni, sokoni na katika posa za watoto wao. Hapa kuomba muhula si ruhusa tu, ni wajibu. Na mhariri akikataa, ni wajibu wa mwandishi kuuondoa mswada au kuifuta sentensi ile.

Hata hivyo vita hivyo hivyo vinaonyesha hasara ya kungoja. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa upande wa Tanga, alivitungia utenzi, nao J. W. T. Allen akautoa kwa chapa mwaka 1955. Kati ya vita na chapa ilipita zaidi ya miaka sitini. Utenzi wenyewe haukupotea, na hiyo ni bahati kubwa. Lakini waliopigana na waliokimbia walikuwa wamekwisha kupungua mmoja baada ya mmoja, na maswali mengi ambayo msomaji wa chapa angetaka kuwauliza yalikuwa yamepitwa na wakati. Basi mwandishi anayeomba siku za kwenda kumsikiliza mzee hutumia muda kuokoa muda. Na yule anayeomba siku bila ya kwenda kokote huupoteza wake na wa mzee.

Iko dhiki ya pili, iliyo ndogo kuliko hiyo lakini ni ya kweli: hoja iliyokatika katikati, ushahidi uliotajwa bila kuonyeshwa, sura inayosema kinyume cha sura iliyotangulia. Kasoro hizi hazimchafulii mtu jina, ila humpotezea msomaji njia. Kwa hizo pia muhula huombwa kwa haki, nao huwa mfupi, kwa kuwa kasoro inayojulikana mahali pake haihitaji siku nyingi kuzibwa. Fundi wa jahazi aliyeona maji yakipenya kati ya mbao mbili alipaswa kusema, hata kama abiria walikwisha kupanda, na siku alizotaka za kutia kalafati zilihesabika.

Baada ya hizo huja kitu kinachofanana na dhiki nacho si dhiki. Mwandishi husoma mswada wake mara ya kumi, akaona neno hili lingeweza kuwa lile, na fungu la tatu lingeweza kutangulia la pili. Hakuna uwongo anaousahihisha wala pengo analoliziba. Anachokiogopa ni siku ambayo watu watamsoma. Maadamu mswada uko sandukuni, yeye ni mwandishi ambaye angeweza kuwa mkubwa. Ukitoka, atakuwa mwandishi wa ukubwa wake halisi tu. Muhula anaouomba ni wa kukaa mbali na hukumu, naye huuvisha nguo ya unyenyekevu, akasema kazi yake bado haistahili macho ya watu. Lakini mnyenyekevu wa kweli hujua kwamba atakosea, akakubali kusahihishwa. Anayetaka kutoka bila kosa hata moja anataka sifa ambayo binadamu hakupewa.

Juu ya jambo hili mwambao una mfano mkubwa karibu, katika madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wake walio wengi. Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 820, ana kauli kongwe alizozitoa Iraki na kauli mpya alizozitoa Misri, na wanafunzi wa fikihi hufundishwa kuzitenga. Risala yake, kitabu cha misingi ya sheria, aliiandika, kisha akaiandika upya alipokuwa Misri. Inafaa kuangalia alichokifanya na asichokifanya. Hakuona haya kuyageuza maneno yake mwenyewe hadharani alipopata hoja iliyo bora. Wala hakukaa kimya Baghdad akingojea mpaka afike Misri ndipo afundishe. Alilipa kwa elimu aliyokuwa nayo, na alipopata zaidi akalipa tena. Lau angengoja mpaka kauli zake zisiwe na haja ya kugeuzwa, madhehebu yasingalikuwa na kauli kongwe wala mpya.

Watu wa fasihi wana mfano wao. Edward FitzGerald alitoa tafsiri yake ya Omar Khayyam kwa Kiingereza mwaka 1859, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1868, mwaka 1872 na mwaka 1879. Kila toleo lilikuwa ungamo kwamba lililotangulia halikutimia, na hakuna aliyemcheka kwa hilo. Shaaban Robert aliwapa wasomaji wa Kiswahili mashairi hayo ya Khayyam kwa njia ya Kiingereza, na kitabu chake kikatoka mwaka 1952. Laiti FitzGerald angeishikilia kazi yake mpaka aridhike, mkono wa Tanga usingalipata kitu cha kupokea.

Yumkini mtu atapinga akisema kwamba wakubwa wa dunia walifundisha kinyume chake. Horace, mshairi wa Kirumi, aliwashauri watunzi waufiche utungo wao hata mwaka wa tisa, kwa sababu neno likisha kutoka halirudi. Virgil, mwenziwe wa zama zile, alipokaribia kumaliza utenzi wa Aeneid alikusudia kutumia miaka mitatu zaidi kuusafisha. Shauri la Horace lina hekima: neno halirudi kweli, na vitabu vilivyotolewa kwa pupa vimewapotosha wanafunzi wengi. Lakini yaliyompata Virgil yanalijibu. Alifariki mwaka wa 19 kabla ya Masihi, kabla miaka yake mitatu haijapita, akiwa amewaomba rafiki zake wauchome moto mswada. Augustus alikataa usichomwe, ukatolewa pamoja na mistari yake iliyokatika nusu, na mistari hiyo ingali nusu hata leo. Watu wamesoma utenzi huo kwa karne ishirini. Muhula alioutaka mtunzi haukuwa katika mkono wa rafiki zake, wala wa Kaisari.

Katika Tanga hakuna haja ya kuitafuta Rumi ili kulifahamu hili. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali, kwanza katika forodha, baadaye katika idara nyingine, na miaka yake ya mwisho kazini aliitumikia Tanga. Kalamu ilipata saa zilizosalia baada ya ofisi, na miswada ilisafiri mbali: Pambo la Lugha na Kielelezo cha Insha vilitolewa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Afrika ya Kusini, Kusadikika, mwaka 1951, na Adili na Nduguze, mwaka 1952, vilitolewa na kampuni za Uingereza. Alifariki mwaka 1962, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu. Kufikirika, ambacho wataalamu husema alikiandika mwaka 1946, kilitoka mwaka 1967. Mwaka huo huo ulitoka Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000 juu ya vita vya mwaka 1939 hadi mwaka 1945. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilifuata mwaka 1968.

Haisemwi hapa kwamba alichelewa yeye, wala kwamba alichelewesha mtu fulani. Safari ya mswada katika miaka hiyo ilikuwa na vizuizi vingi. Linalosemwa ni kwamba vitabu hivyo vilipopigwa chapa, mwenyewe hakuwapo kuitazama karatasi ya majaribio. Neno lililotatiza lilitatuliwa bila yeye. Sentensi ambayo pengine angeigeuza ilibaki. Yale marekebisho ambayo kila mwandishi huyawekea akiba ya siku ya chapa yalikwenda naye kaburini.

Kinyume cha hayo ni alichokifanya kwa habari za maisha yake. Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949. Miaka ilipoendelea, naye akawa na mengi ya kuongeza, aliandika sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini, na leo sehemu mbili husomwa katika kitabu kimoja. Sehemu ya kwanza haikufutwa ili ifanane na mtu aliyekuwa baadaye. Msomaji hukutana na kijana, kisha na mzee, na hupata faida ya wote wawili. Iko basi njia ya tatu kati ya kuharakisha na kushikilia: kutoa lililo tayari, na kuongeza lililokuja baadaye.

Mpaka hapa mwandishi ndiye aliyewekwa kizimbani peke yake, na hiyo si haki kamili. Mhariri naye ana deni. Mwandishi huomba muhula kwa barua ya heshima, kwa tafadhali na kwa kuwia radhi. Mhariri huukalia mswada miezi minane bila kuomba chochote. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 na ambayo kazi yake iliingia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, ilitoa katika jarida lake, mwaka 1958, Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1950. Sababu za umbali huo si lazima ziwe kosa la mtu, lakini tarehe hizo mbili zafaa kukaa mbele ya kila mwenye jarida. Nyuma ya mswada huwapo mtu anayesemwa, na uhai wake haungoji foleni. Ikiwa mwandishi analazimika kutaja sababu na siku, mhariri analazimika vivyo hivyo: aseme mswada umefika, nani anausoma kwa kadiri inavyoruhusiwa kusemwa, na jibu litatoka lini. Kipimo kinachowapima wote wawili kwa mizani moja ndicho kinachoitwa haki. Kinachompima aliye chini tu huitwa desturi ya ofisi.

Yapo mengine mhariri anayopaswa kuyakumbuka anapoliona ombi. Si kila mwenye dhiki anajua kuieleza. Mwanafunzi kijana huandika kwamba anaomba muda kwa sababu zisizozuilika, naye labda ana mgonjwa nyumbani, au ametambua kosa analoona haya kulitaja. Mhariri mwema humwuliza ni sehemu gani inayomtia wasiwasi. Swali hilo moja mara nyingi hufanya kazi ya mwezi mzima, kwa kuwa mwenye kosa la kweli hulitaja mara moja, na mwenye hofu tu hugundua kwamba hana la kutaja. Siku hizi barua hufika kwa nukta moja, na jibu laweza kurudi kabla chai haijapoa. Lakini upesi wa barua haukuyaondoa haya ya mwandishi wala uzito wa mkono wa mhariri.

Kwa hiyo ombi la haki lina viungo vitatu. Hutaja kasoro kwa jina lake na mahali pake, ili mhariri aweze kupima kama msomaji ataumia ikiachwa. Hutaja siku ambayo mswada utarudi, kwa kuwa muhula usio na mwisho ni deni lililokanwa kwa upole. Na huachilia nafasi: mwandishi husema kwamba ikiwa toleo haliwezi kungoja, kazi ya mwingine itangulie. Kiungo hiki cha tatu ndicho kigumu, na ndicho kinachodhihirisha nia. Anayetaka ukweli wa kazi yake atakubali kungoja toleo lijalo. Anayetaka kuheshimiwa ataona ametukanwa.

Chombo kilichokaa mno mchangani hukaushwa na jua, mbao zake zikaachana, na siku kinaposhushwa majini huvuja mahali ambapo zamani hapakuvuja. Ndivyo ulivyo mswada uliorekebishwa kupita kiasi: hoja iliyokuwa hai hupoa, na mwandishi husahau kwa nini aliianza. Msomaji hatajua ziliombwa siku ngapi, wala nani alikasirika. Atajua mambo mawili tu: kama alichopewa ni kweli, na kama kimemfikia angali na haja nacho. Mwandishi aombe muda kwa ajili ya la kwanza bila kuona haya, na kwa ajili ya la pili aurudishe siku aliyoahidi. Dawa ya deni ni kulipa.